Sungura Niliyemtetea Kabasa

Tangu Jumapili sijafungua grupu letu la wapenda katuni za zamani, na sijui nitalifungua kwa uso gani.

Tulikutana Kabasa kutazama diski mpya ya katuni ya sungura tuliyoipenda utotoni, sasa imesafishwa picha na sauti. Ilipoisha, mimi, mwalimu mzima, nikawaka. Wameikata! Iko wapi sehemu ambapo sungura anamwomba mama yake msamaha? Sehemu hiyo ilinilizaga kila Jumamosi kwenye kibanda cha video kule Makoko. Wenzangu waliposema haikuwepo kamwe, nikawaita mashabiki wa juzi, nikawakumbusha kwamba hata mwanangu wa kwanza nimembatiza Kaiza, jina la sungura huyo.

Ili niwamalize kabisa, nikampigia Mzee Magesa, aliyekuwa akitutafsiria pale kibandani kwa kipaza sauti. Nikaweka spika, wote wasikie.

“Mwalimu, hawajakata kitu,” akasema kwa upole. “Kiingereza sikijui mpaka leo. Yale maneno nilikuwaga natunga tu.”

Nikakazana kama mjinga. “Na jina la Kaiza, Mzee?”

“Hilo lilikuwa la mbwa wetu.”