Viatu vya Suti ya Damu ya Mzee

Habari ilimkuta Ephantus Gichuru barazani kwake Gatina, kiatu kimoja kiko gotini, cha pili kiko juani kinakauka. Adam, jirani yake Mahdi wa kule Kibra, alishuka kwenye baiskeli kabla haijasimama sawasawa, akaiegemeza kwenye ua, akavua tarbushi.

"Bwana Ephantus," alisema, "shemeji yako ametutoka. Alfajiri, baada ya kuswali. Alibaki amekaa pale mkekani, hakuinuka tena."

"Mahdi?"

"Mahdi. Sote ni wa Mungu. Tunamzika leo, adhuhuri ikishaswaliwa. Dada yako amesema uje."

"Leo leo?"

"Leo leo. Maiti hangojeshwi."

Adam alikuwa na watu wengine wa kuwaarifu hadi Riruta, kwa hiyo hakukaa. Ephantus alimtazama akipotea kwenye kona ya mashamba. Kisha akachovya kitambaa katika kopo la rangi, akaendelea kupaka kiatu pale alipokuwa ameachia.

Njambi, mkewe, alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alitoka amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Baba wa watoto, mtu amekufa nawe unapaka rangi?"

"Hiki kimebakiwa na mkono mmoja tu wa rangi."

"Nimesema mtu amekufa!"

"Nimesikia. Ni vyake," akajibu Ephantus. "Atazikwa na nini miguuni?"

Njambi akashusha mikono. Alijua habari ya viatu, na kila aliyehudhuria harusi yao aliijua. Siku ile, Ephantus, fundi viatu mpya kutoka karakana ya misheni, alifika kanisani amevaa suti ya kijivu aliyoshonewa na Mahdi, na chini yake viatu vya rangi ya chungwa alivyojitengenezea mwenyewe kwa majivuno makubwa. Mahdi alimsimamisha mlangoni. "Hivyo ni viatu au maboga?" alimuuliza mbele za watu. "Kijivu kinataka cheusi, shemeji. Vua." Akavua vyake vyeusi akampa, na maboga yale akakataa hata kuyagusa kwa kidole. Ibada nzima Mahdi alisimama nje ya mlango wa kanisa miguu mitupu, Mwislamu wa watu, na umande wa Julai ulikuwa bado majanini. Tangu siku hiyo Ephantus alijihesabu kuwa na deni ambalo halilipwi kwa fedha.

Mahdi alikuwa amejifunza cherehani jeshini. Alikwenda na King's African Rifles mpaka nchi ya Wadachi katika vita vya kwanza, akawashonea askari suruali, akarudi na mguu unaouma wakati wa mvua na ruhusa ya kujenga Kibra, upande wa Lindi. Akamwoa Wangoi, dada yake Ephantus, naye Wangoi akasilimu akaitwa Fatna. Ukoo ulinuna miaka miwili. Mahdi hakugombana na mtu, aliwashonea makoti. Wazee waliokuwa wamenuna walikwenda sokoni wamevaa makoti ya Mahdi, na mambo yakaisha hivyo.

Hakuwa mtu wa maneno mengi ila kwenye suala la rangi. Mteja akichukua suti ya buluu, hakuruhusiwa kuondoka barazani kabla ya kuambiwa viatu vyake. "Buluu nzito, vaa vyeusi au kahawia iliyoiva. Suti ya kahawia usiivalie vyeusi, utaonekana umeazima. Na kiatu kiwe kizito kuliko suruali, jicho likishuka lipate pa kutua." Watu walicheka, kisha wakatii.

Yeye mwenyewe alikuwa na suti moja tu ya kweli, ambayo hakuwahi kuivaa. Kitambaa alikipata kwa Mhindi wa Bazaar, rangi ya damu ya mzee. Aliishona polepole mwaka mzima, akaitundika, akakwama kwenye viatu. Vyeusi alivikataa: "Nitafanana na mpiga tarumbeta wa Gavana." Vya kahawia navyo: "Hivyo na suti hii ni wake wenza, watapigana njia nzima." Alitaka viatu vyekundu vilivyokaribia weusi, ambavyo kivulini huvioni wekundu mpaka vitoke juani. Ephantus alimletea vipande vya ngozi mara tatu, na mara tatu Mahdi aliviweka juu ya mkono wa koti akatikisa kichwa. Cha nne alikishika kwa muda mrefu. "Hiki," alisema. "Nitavaa Idi."

Ndivyo viatu hivi.

Ephantus alimaliza mkono wa mwisho, akavijaza karatasi visikunjamane, akaviinua kwa visigino na kushika njia. Hakuvifunga, maana rangi ilikuwa bado mbichi. Aliwapita watu waliomwamkia akawajibu, na baadaye hakukumbuka alimjibu nani. Mwili wake ulitembea kama kitu alichotumwa kukifikisha mahali. Wazo lilikuwa moja tu, na lilikuwa dogo: asivisuguanishe.

Ieleweke kwamba wazee wa Ephantus hawakuwa na desturi ya kuzika kila mtu. Wengi walipelekwa porini, na aliyemgusa maiti alikaa mbali na watu mpaka atakaswe. Kuzika alikujua misheni, na huko mzee wa kanisa alilazwa sandukuni na koti lake, tai na viatu vilivyong'arishwa. Ephantus mwenyewe alikuwa amevisha watu wawili viatu. Aliamini kwamba kila mwenye dini huzika hivyo. Miaka ishirini ya ushemeji ilikuwa imempitisha kwenye Idi na harusi za Kibra, lakini hakuwahi kufika matangani.

Alipofika Lindi, wanaume walikuwa wamejaa uani. Mzee Fadul, aliyekuwa muoshaji maiti wa mtaa, alikuwa akinawa mikono kwenye birika.

"Umefika, mkwe wetu. Pole. Tumekwisha kumwosha, tulikungoja wewe." Macho yake yakashuka. "Na hivyo ni vya nani?"

"Vya Mahdi. Niacheni nimvishe, na suti yake itolewe. Ile nyekundu."

Kijana mmoja akataka kucheka, mwenzake akamkanyaga.

"Mwite Fatna," akasema Mzee Fadul taratibu.

Fatna alitoka kwenye chumba cha wanawake amejitanda, macho yamevimba. Alizungumza na kaka yake kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini.

"Kaka, hapa mtu haondoki na nguo. Anaondoka na sanda. Hata angekuwa tajiri."

"Na miguu?"

"Imo ndani ya sanda."

Ephantus alisimama na viatu vyake. "Yeye alisimama nje kwa ajili yangu," alisema. "Mimi nimpeleke hivi hivi?"

"Anakwenda alivyotaka kwenda. Hili wewe hukulijua, kaka, na si kosa. Mungu anazo nguo zake."

Aliingia ndani akarudi na koti la suti. Akasimama pale jua linapoingia uani, akachukua kiatu kimoja, akakiweka juu ya mkono wa koti, kama mumewe alivyokuwa akifanya. Wote wawili wakatazama. Rangi ilipanda kidogo juani, ikatulia.

"Vimeingiana," alisema Fatna.

"Vimeingiana," akaitika Ephantus.

Hakuna aliyelia. Fatna alimkabidhi Mzee Fadul koti, suruali na viatu vyote viwili, kwa kuwa nguo za marehemu ni haki ya aliyemwosha.

"Mimi na miguu yangu hii ya bata!" Mzee Fadul alisema, akivipima kwa kiganja. "Miaka yote ananitukana kwa makobazi yangu, na leo ndiyo amenishinda. Itabidi nimtafute mtoto wa watu vitakayemtosha. Lakini karibu, mkwe, umwone."

Mahdi alikuwa amelazwa chumbani, uso tu wazi, umezungukwa na kitambaa cheupe. Ephantus alitazama uso ule. Hakuhisi kitu alichoweza kukitaja. Akasema, "Basi, shemeji," na wakaufunika.

Waliinua jeneza baada ya adhuhuri. Wanawake walibaki nyumbani. Mtu mmoja aliguna alipoona Mkristo anaweka bega, Mzee Fadul akamwambia, "Mwache, ni ndugu yake," na bega likakaa. Walilibeba kwa zamu hadi makaburini. Walipopanga safu kuswali, Ephantus alisimama pembeni, kofia mkononi, akasema kimoyomoyo sala aliyofundishwa. Mahdi alishushwa na watu watatu, akalazwa kwa ubavu wa kulia, akaelekezwa kibla, mbao zikawekwa. Kila mtu alitia udongo mara tatu kwa mkono. Ephantus naye alitia mara tatu. Kisha majembe yakafanya kazi, maji yakamwagwa juu ya tuta, imamu akasoma dua, wakaitika amina. Watu wakaondoka wawili wawili.