Kuku wa Mama Nyambura hakuwa na ugonjwa

Kosa lilikuwa langu, na nyumbani hakuna anayejua mpaka leo. Wasomaji, ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.

Niliolewa Gakindu, Uhuru ukiwa bado mpya. Mama mkwe alinikabidhi kuku wake ishirini na agizo moja: nioshe karai lao la maji kila asubuhi. Chemchemi ilikuwa chini kabisa bondeni, na mimi nilikuwa mvivu, tusidanganyane. Nikawa naongeza tu maji juu ya yale ya jana.

"Umeosha?" alikuwa akiniuliza.

"Nimeosha, mama."

Basi rafiki yake tangu usichana, Mama Nyambura, akamletea zawadi ya kuku mwekundu. Kuku mgeni hufungwa kamba mguuni siku kadhaa ili azoee boma. Nilimfunga nyuma ya jikoni, nikamwekea kikombe chake cha bati, maji ya mtungi wetu wa kunywa.

Siku ya tatu kuku wetu wakaanza kuhara. Kufika Jumapili walikuwa wamekufa kumi na wanne. Nikaenda kumwaga karai. Chini ya utelezi wa kijani palikuwa na kifaranga aliyezama, ameoza. Ole wangu! Nikalisugua upesi kwa majivu kabla mtu hajaona.

Mama mkwe alipomwona yule mwekundu hana hata dalili, akakata shauri. Alimbeba hadi kwa Mama Nyambura, nami nikamfuata nyuma.

"Chukua kuku yako. Imemaliza zangu na yenyewe iko mzima."

"Ati mimi nikuletee ugonjwa?" Mama Nyambura akanigeukia. "Wewe msichana, si ni wewe unawaangalia? Sema kitu."

Nikaangalia chini.

Hawakusemezana tena. Wale sita waliobaki walipona nilipoanza kuosha karai, na hilo pia sikulisema.

Miaka mingi baadaye Mama Nyambura alifariki. Mama mkwe hakwenda mazishini. Alishinda jikoni akichambua maharagwe yaleyale, kisha akaniambia, "Angekuja tu aombe msamaha, ningemsamehe."

Hata siku hiyo nilinyamaza. Naye sasa amemfuata mwenzake.

Nyinyi mnaofuga, mwageni maji ya jana na msugue chombo. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, wakati waliokufa ni kuku tu.