Jeneza Kwenye Kona ya Kanisa

Mtaa wa nyumba za serikali ulianza pale Kibera ilipoishia. Nyumba zote zilikuwa za ghorofa nne, rangi moja, zimepangwa kwa mistari. Kanisa pekee ndilo lililokuwa nje ya mstari. Paa lake la simiti lilishuka hadi chini kama karatasi iliyokunjwa. Halikuwa na madirisha. Mwanga uliingia kwa ufa mmoja juu ya altare. Baada ya mlango kulikuwa na njia nyembamba iliyopinda katikati. Mchoraji wa ramani yake alitaka mtu aache kelele za barabara hapo kwenye kona.

Baba alikuwa seremala wa ujenzi huo. Alipiga mbao za kona ile, simiti ikamwagwa ndani yake. Alama za mbao zilibaki ukutani, hata vifundo.

Alipofariki, katikati ya miaka ya tisini, mama aliomba jambo moja: kabla ya kusafirishwa nyumbani, magharibi, aombewe ndani ya kanisa lile. Watu wa mtaa ule waliwaombea wafu wao kwenye chumba cha maiti, kisha wakawapeleka ushago, kijijini kwao. Hakuna aliyewahi kuleta jeneza pale. Tulimbeba kwa miguu kutoka kwetu Gatwekera, ndani ya Kibera, mimi nyuma kushoto, upande wa kichwa. Kwaya na padri walikuwa wameshaingia.

Kwenye kona, jeneza likakwama.

"Rudi! Rudi kidogo!"

"Nirudi wapi, omera? Nyuma kumejaa watu!"

"Fundi amejifungia nje," jirani mmoja alisema. Wawili walicheka.

Mwanakwaya mmoja akashauri tulisimamishe wima.

"Mtu analazwa," baba mdogo alisema. "Hasimamishwi kama kabati."

Padri alikuja upande wa pili wa jeneza. "Mama, turudi nje, tumwombee kivulini?"

"Nilisema ndani, Fada."

"Haingii, mama."

Mama alichungulia juu ya bega langu. "Miguu imeingia. Anza."

Akaanza. Tuliweka jeneza juu ya viti, tukasimama. Nilisikia misa, sikuiona. Sikulia. Niliangalia vumbi kwenye viatu vya watu.

Ilipokwisha tulimvuta kinyumenyume hadi kwenye gari.

"Aliingia kiasi gani?" mama aliniuliza.

"Nusu," nikamwambia.

Nilikuwa nimepima kwa macho. Haikufika robo.