Miezi Sita Isevya

Dada yangu alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Aliposhika ya tatu, daktari alimwambia alale kitandani mpaka siku ya kujifungua, asiinue hata ndoo ya maji. Mumewe alikuwa karani wa reli Tabora, kutwa yuko stesheni, na ndugu wa kuwasaidia tulikuwa wote Unguja. Dada akamwandikia baba barua. Baba aliisoma mara mbili, kisha akanitazama mimi niliyekaa ukumbini nashona kofia, akasema, "Funga nguo zako."

Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwahi kuvuka maji. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Sisi tulikuwa na Sultani wetu, na Tanganyika ilikuwa ya Waingereza, na kwa watu wa mtaani kwetu Tabora ilikuwa mbali kuliko Makka, maana Makka angalau kuna waliokwenda wakarudi kutuhadithia. Nilishuka Dar es Salaam, nikapanda gari la moshi pamoja na mke wa mfanyakazi mwenzake shemeji. Njia nzima nilikaa dirishani natafuta minazi. Baada ya Morogoro sikuiona tena. Siku ya pili ilikuwa miti mikavu, ya rangi ya majivu, saa baada ya saa, na nikajiuliza watu wa nchi hii wanapikia nini.

Nyumba ya dada ilikuwa mtaa wa Isevya, ya matofali mabichi na bati juu, vyumba viwili na ua. Nilimkuta kitandani amekonda, tumbo limeanza kuonekana. Alinishika mkono hakuuachia mpaka shemeji alipoleta chai.

Jambo moja sikulihofia hata kidogo, nalo ni lugha. Nilijua Tabora wanasema Kiswahili, na Kiswahili kilikuwa chetu. Asubuhi ya kwanza nilikwenda sokoni nikaomba tungule. Mwuzaji aliniangalia. Nikarudia, pole pole, kama mtu anayesema na kiziwi. Akaniletea vitunguu, nikatikisa kichwa, akaniletea bilinganya. Mwishowe nikanyoosha kidole.

"Ah, nyanya!" akasema, na wanawake watatu nyuma yangu wakacheka.

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Dada alicheka mpaka akashika tumbo, nami nikaogopa, nikamwambia anyamaze.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama wa makamo, Mnyamwezi, mjane, Mkristo wa kanisa la Moravian. Alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa, na kila asubuhi alifagia ua wake huku akiimba nyimbo za kanisani kwa Kinyamwezi. Ndiye aliyemtekea dada maji kabla sijafika. Siku ya tatu alikuja kutuangalia. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza habari za safari. Kisha akapiga miayo, akasema, "Ngoja nikarare kidogo, jua kari."

Nilicheka. Sikukusudia ubaya, kicheko kilinitoka tu. Nikasema, "Mama, si kurara. Ni kulala. Na jua ni kali."

Alinitazama bila hasira. "Kiswahili chako kizuri sana, mwanangu," akasema. "Kesho nenda nacho kisimani, kikakutekee maji."

Akainuka, akaenda zake. Dada aligeuza uso ukutani. "Umemtukana mtu aliyenifulia nguo zangu za damu," akasema. "Mara mbili."

Kesho yake nilikwenda kisimani peke yangu. Kilikuwa kiangazi, maji yalikuwa chini, kamba ndefu, na foleni ilianza alfajiri. Sikuwa na desturi ya kuteka. Kwetu maji yalikuwa ya bomba, na kabla ya hapo yaliletwa. Ndoo ya kwanza nilimwaga nusu njiani, ya pili ikanimwagikia buibui. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma kuliko kama wangecheka. Nilipofika nyumbani na ndoo ya tatu, viganja vilikuwa vimechunika hata sindano sikuweza kuishika. Nililia jikoni, kimya, ili dada asisikie.

Basi nikakaa juma zima nikifikiri namna ya kumwomba radhi yule mama. Kuomba radhi kwa maneno nilishindwa, maana maneno ndiyo yaliyoniponza. Nikaloweka mchele, nikausaga, nikapika vitumbua. Nazi hakuna, nikatia maziwa ya ng'ombe na iliki niliyotoka nayo nyumbani. Havikutoka kama vya kwetu, lakini viliumuka. Nikavipanga kwenye bakuli, nikafunika na kitambaa, nikaenda kubisha hodi.

Alikuwa amekaa uani anachambua karanga. Nilimpa bakuli. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akapokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo.

"Wabeja," akasema.

Nilisimama pale kama niliyepigwa. Akafikiri sikuelewa. "Ni asante," akanieleza. "Kwa Kinyamwezi."

Nilijua ni asante. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu nilipoanza kusikia chochote. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa akipewa kikombe cha kahawa anasema wabeja. Akipewa maji ya kutawadha, wabeja. Sisi watoto tulidhani ni neno lake mwenyewe, kama wazee wanavyokuwa na maneno yao, nasi tukawa tunaambiana hivyo mezani kwa mzaha. Hakuna mtu mwingine Unguja niliyemsikia akilisema, na sikupata kujiuliza kwa nini. Tuliambiwa bibi ni mtu wa Mrima, na Mrima ni pwani yote ya ng'ambo. Mtu akishasema Mrima, hana haja ya kuongeza kitu. Alifariki nikiwa na miaka kumi na mbili.

Nilimwambia yule mama, "Bibi yangu alikuwa akisema hivyo."

"Bibi yako wa Unguja?"

"Wa Unguja."

Hakuniuliza zaidi. Alisogeza kigoda kingine, akanisukumia ungo, tukachambua karanga mpaka shemeji alipopita barabarani akirudi kazini.

Jioni ile nilimweleza dada. Alikuwa amelala ubavu, akichezea pindo la shuka.

"Nililisikia wiki ya kwanza nilipoletwa hapa," akasema. "Miaka minne sasa."

"Na hukuuliza?"

"Niulize nini? Niulize kama bibi yangu aliuzwa?" Akalikunja lile pindo. "Mume wangu ni mtu wa nasaba, wewe unawajua watu wake. Sitaki aanze kuhesabu damu ya mtoto huyu kabla hajazaliwa."

Neno lile, kuuzwa, lilikuwa halijawahi kutajwa nyumbani kwetu juu ya mtu yeyote wa kwetu. Tulikuwa tukilitaja juu ya watu wengine, wa mitaa ya nyuma.

Tangu siku hiyo nilikwenda kwa jirani kila baada ya kazi za asubuhi. Alinifundisha kupika mlenda, nami nikajifunza kuula, jambo lililochukua muda mrefu zaidi. Nikajua kutia karanga za kusaga mahali pa tui. Mimi nilimfundisha kushona viua vya kofia, naye kwa mikono yake mikubwa akavishona vidogo na safi kuliko vyangu. Alinisahihisha nilipojaribu salamu za Kinyamwezi, na kila nilipokosea alisema, "Si hivyo, mwanangu," kwa sauti ile ile niliyomsahihishia mimi siku ya kwanza, kisha akacheka mwenyewe.

Mwezi wa tisa mama huyo alitaka kwenda kumwona mama yake mzazi huko kijijini Kigwa, akaniomba nifuatane naye. Dada alikuwa na nguvu kidogo, na shemeji alikuwa na siku mbili za mapumziko. Wakaniruhusu. Tulipanda gari la moshi la asubuhi, tumebeba chumvi, sukari na doti ya kanga, tukashuka kwenye kituo kidogo chenye vumbi jekundu.

Kikongwe alikuwa mlangoni, kamba ya mbuzi mkononi. Alikuwa amearifiwa kwamba mgeni ni Mwislamu, na tangu asubuhi alikuwa amemwita jirani yake Mwislamu amchinjie kuku, ili nisipate taabu ya kuuliza. Nilimwamkia. Akaitika, akanichekea kwa furaha, na hapo nikaona meno yake. Yale mawili ya juu, ya mbele, yalikuwa yamechongwa pembe za ndani, yakaacha mwanya kama paa la nyumba.

Bibi yangu alikuwa na mwanya huo huo. Tuliambiwa alianguka ngazini.

Tulipokwisha kula nilimwomba binti yake aniulizie, kwa kuwa mama yake alisema Kiswahili kidogo. Nikamweleza habari za bibi, neno lake na meno yake. Kikongwe alisikiliza, macho yake kwenye mdomo wangu.

"Aliondoka na umri gani?" akauliza.

"Sijui."

"Aliondoka na nani?"

"Sijui."

"Jina la baba yake?"

Niliona haya. Nilikuwa najua majina ya mababa wa baba yangu mpaka wa saba.

Kikongwe akasema maneno mengi, na binti yake akanifasiria kidogo kidogo. Alisema alipokuwa msichana misafara bado ilipita karibu na kijiji kile. Watu wa kwao walibeba mizigo kwenda pwani kwa hiari yao, wanaume, na wengine wakafuatana na wake na watoto. Vijana walikuwa hawahesabiwi wanaume mpaka waione bahari. Wengine walichukuliwa, wamefungwa. Njia ilikuwa ni ile ile. Asiyerudi, waliobaki nyuma hawakuwa na namna ya kujua ni lipi lililompata.

"Tuliwalilia wote kilio kimoja," akasema. Kisha akaniuliza, "Alizaa wangapi?"

"Watano. Wanne walikua."

"Na wajukuu?"

Nikahesabu kwa vidole. "Kumi na tisa."

Alipiga makofi, akasema kitu kwa haraka. Binti yake alisita kabla ya kunifasiria. "Anasema hawezi kukwambia wewe ni wa kwetu, kwa sababu haijui nyumba yako. Nchi ni kubwa. Lakini anasema mtu aliyezaa wanne wakakua, hakupotea."

Kabla ya kuondoka alinionyesha njia yenyewe. Nilitegemea kuona kitu. Ilikuwa ni ukanda wa mchanga katikati ya mashamba ya mtama yaliyokwisha vunwa, mpana kidogo kuliko njia nyingine, na ng'ombe wakipita juu yake kwenda kunywa. Tuliifuata kipande mpaka karibu na reli. Nilivua viatu. Mchanga ulikuwa wa moto sana, nikavivaa tena.

Mvua zilianza mwezi wa kumi na moja. Ile miti niliyoidharau dirishani ilitoa majani, na wanawake wakaja mjini na vikapu vya uyoga. Dada alijifungua mtoto wa kike, mzima, wa sauti kubwa, na jirani yetu ndiye aliyekuwa naye chumbani pamoja na mkunga kwa sababu dada alimtaka yeye. Mimi nilikuwa nje nachemsha maji. Shemeji alimbeba mtoto akamwadhinia sikioni, akilia waziwazi, na sikuona akihesabu kitu chochote. Dada mwenyewe alimwambia habari za bibi, siku ya arobaini. Alichosema shemeji, kama dada alivyonihadithia, ni kwamba na kwao kuna bibi ambaye hakuna anayejua alikotoka.

Niliondoka juma lililofuata. Jirani alinisindikiza mpaka stesheni akiwa amebeba kibuyu cha asali kichwani, akanipa dirishani. Tulikuwa tumekwisha agana nyumbani. Sikumwona tena. Shemeji alihamishiwa Dodoma mwaka uliofuata, na barua nilizopeleka kwa anwani ya kanisa zilijibiwa mara mbili, kwa mkono wa mtu mwingine, kisha basi.

Nilipofika Unguja nilikaa siku tatu kabla ya kumwuliza mama. Nilimkuta uani anachagua mchele. Nikamweleza yote, tangu vitumbua mpaka meno. Mikono yake haikusimama.

"Alikuja kigori, akimfuata mama yake," akasema hatimaye. "Baba yake alikuwa mpagazi, alikufa kwa ndui kabla hawajafika Bagamoyo. Yaliyowapata wawili wale baada ya hapo, hakunihadithia. Nilimwuliza mara moja, nikaona uso wake, sikurudia."

"Na kwa nini hamkutuambia?"

"Mngeitwa majina mabaya." Akapuliza makapi. "Na yeye hakutaka."

Nilidhani amemaliza. Ungo ulikuwa mweupe, hakuna hata punje moja ya chuya, lakini aliendelea kuupitishia vidole.

"Huko," akasema, "kuna baridi?"

"Asubuhi, mwezi wa saba. Baridi kweli kweli."

"Wanakula nini?"

Nikamwambia. Akauliza kama kuna mto. Akauliza nyumba zao zikoje, na wanawake wanajifunga vipi nguo, na kama mlenda una ladha gani mtu akiuzoea. Nilimjibu kimoja kimoja, mpaka ikaadhiniwa adhuhuri, akaniomba nimletee maji atawadhe.