Kanda Tatu za Mpiga Tarumbeta

Pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo walimwita Bwana Mvuke, na hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Alikuwa msimamizi wa chumba cha pasi, chumba kirefu chenye meza kumi na mbili na dirisha moja lisilofunguka, na kila siku tangu saa mbili asubuhi mashuka ya hoteli na makoti meupe ya hospitali yalipita chini ya macho yake kabla ya kukunjwa. Akiona mkunjo wa upana wa ukucha, alilinyanyua shuka juu kama mtu aliyekamata mwizi. Hapo chumba kizima kilisimamisha kazi, na mwenye shuka akanyoosha mikono kulipokea kabla hajaambiwa neno.

"Mama Pacha," alisema asubuhi moja, ameshika koti la daktari kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

"Ni kola, Bwana."

"Hii ni kola? Macho hayo umewekewa ya kuonea, au ya kupambia uso?"

Mama Pacha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mapacha wake wako darasa la tatu, naye ana miaka tisa kwenye meza ile ile. Aliinamisha kichwa akalichukua koti.

"Rudia. Ukikosea tena, utarudia mpaka uote mvi."

Zamani maneno kama hayo yalikuwa yanawachekesha wenzake walionusurika siku hiyo. Siku hizi hakuna aliyecheka. Mwenyewe aliyapenda. Kwa aliyechelewa kusikia aliuliza kuhusu masikio, kwa mzembe kuhusu mikono, na kila mara alijiona ametunga kitu. Ukali wake, aliamini, ulikuwa wake mwenyewe, ameutolea jasho.

Maana kama kulikuwa na jambo moja alilojivunia maishani, ni kwamba hakufanana na baba yake. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta na kiongozi wa bendi. Aliondoka nyumbani mtoto akiwa na miaka saba, akachukua sanduku la tarumbeta, la nguo akaliacha. Kuanzia siku hiyo mama mtu alipiga marufuku muziki mle ndani. Jirani akiwasha redio, alifunga madirisha hata kama jua linachoma mabati. Mtoto alikua hajui wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Alipokuwa mtu mzima akaoa, akamchukua mama yake akaishi naye mpaka alipofariki, na baba alipofariki miaka mitatu baadaye, hakwenda kuzika. Siku ile alipiga pasi mwenyewe mashuka arobaini, bila mkunjo.

Wiki mbili baada ya mazishi, mwanamke mmoja aliyevaa sare ya uuguzi aliingia chumba cha pasi, akapita katikati ya meza mpaka kwake, akaweka mfuko wa plastiki juu ya mashuka safi.

"Kaka, shikamoo."

Alimjua. Alikuwa binti wa mke wa pili wa baba yake, wamekutana mara mbili tu, na mara zote mbili hawakuagana.

"Mimi si kaka yako. Na toa mfuko wako kwenye mashuka."

"Basi shikamoo, Bwana Mvuke. Si ndivyo wanavyokuita? Nimesikia tangu getini." Mfuko hakuutoa. "Ni kanda tatu. Baba kasema upewe wewe. Mimi ningezitupa."

"Kwa nini hukuzitupa?"

"Nimemuuguza miezi minane, na hilo ndilo jambo pekee aliloniomba kwa adabu." Alijifunga vizuri saa yake ya mkononi, akageuka, kisha akakumbuka. "Mbili ni nyimbo. Ya tatu ni mazoezi, siku waliyorekodi ule wimbo wa kituoni. Ukisikia kelele usishtuke."

Wimbo wa kituoni hata yeye alikuwa anaujua kwa jina. Ulikuwa haukosi kwenye sherehe: msichana anamngoja mtu kituo cha mabasi, mabasi yanakuja na kwenda. Watu walisema hakuna sauti nyingine iliyowahi kulia vile ndani ya wimbo.

Jumapili alasiri, mkewe akiwa uani anafua, alitoa kabatini redio kaseti ya mkewe ya kabla hawajaoana. Nia yake ilikuwa asikilize dakika moja kila kanda, azitupe, ili mtu akimuuliza aweze kusema amesikia na hakuna kitu.

Kanda ya kwanza ilianza na ngoma na besi, halafu tarumbeta ikaingia. Haikuingia kwa kelele. Iliingia kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa, ikasimama, ikavuta pumzi, ndipo ikasema. Dakika moja ikapita, zikapita kumi. Alitaka sana iwe mbaya. Miaka yote alijua moyoni kwamba mtu aliyewaacha kwa ajili ya lile dude hakuwa na lolote, mlevi wa sifa tu. Kumbe mzee alikuwa anajua. Alikuwa anajua vibaya sana. Upande wa kwanza ulipokwisha, msimamizi wa chumba cha pasi aligeuza kanda, na hasira yake ilikuwa imepata tawi jipya: sasa alikuwa na hasira pia na mama yake aliyefunga madirisha.

Kanda ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Akaweka ya tatu.

Hapa palikuwa na viti vinavyoburutwa, mtu anakohoa, gitaa linakazwa nyuzi. Msichana akaanza kuimba, sauti nyembamba, ina woga. Mstari wa pili ukamshinda. Ndipo sauti ya mwanamume ikapasuka:

"Simamisha! Simamisha! Wewe, masikio hayo umewekewa ya kusikilizia, au ya kuning'inizia hereni? Rudia! Na utarudia mpaka uote mvi!"

Mlango wa uani ukafunguka. Mkewe aliingia na povu mpaka viwikoni.

"Nani tena amekukosea, leo Jumapili?"

Alimkuta mumewe amekaa, mdomo umefungwa. Sauti ikaendelea kufoka kutoka kwenye redio. Mwanamke aliitazama redio, akamtazama mumewe, akarudia kuitazama redio.

"Huyo... si wewe?"

"Ni baba."

Mkewe alikaa kwenye mkono wa kochi, povu linadondoka sakafuni, jambo ambalo siku nyingine lingezua maneno. Akasikiliza. Msichana alirudia mara ya tatu, ya nne, ya tano, na kila mara alikatizwa kwa tusi jipya. Mara ya sita akaanza kulia.

"Sasa nimejua," mkewe alisema taratibu, "kwa nini mama yako alikuwa akiingia chumbani kwake kila ulipoanza kunisema."

"Alikuwa anakwenda kupumzika."

"Kupumzika," mkewe alisema, akanyanyuka kurudi kwenye nguo zake.

Mumewe alibonyeza kitufe akazima. Maneno yale yote alidhani ni ya kwake. Kumbe aliyasikia kabla hajatimiza miaka saba, chini ya meza gani au nyuma ya mlango gani hakumbuki, akayaweka, na alipopata watu wa kuwaambia akayatoa kama mali yake.

Jumatatu alinyanyua shuka la Mama Pacha lenye mkunjo, akafungua mdomo, akaufunga. Akalirudisha mezani. Chumba kizima kiliogopa kuliko siku zote.

"Anahesabu makosa kimoyomoyo," walinong'onezana wakati wa chai. "Subirini mwisho wa mwezi, mtaona barua."

Wiki nzima alinyamaza, na wiki nzima walimchukia upya, kwa sababu sasa hawakujua pigo litatokea wapi. Siku ya Ijumaa alimpigia simu yule muuguzi.

"Yule msichana aliyeimba. Yuko hai?"

"Chiriku? Yuko hai. Anauza nyuzi na vifungo nyuma ya posta ya zamani." Kisha akaongeza, "Usiende."

Alikwenda. Duka lilikuwa na upana wa mlango tu, kuta zimejaa droo ndogo ndogo, kila droo imebandikwa kifungo kimoja mbele ili mteja ajue kilichomo. Nyuma ya kaunta alikaa mwanamke wa miaka sitini, amevaa miwani, anapanga zipu kwa urefu. Hakuonekana mtu aliyewahi kuitwa Chiriku.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtoto wa kiongozi wa bendi."

"Yupi? Yule mwenye tarumbeta?" Hakuinua macho. "Nilisikia amekufa. Niliuza kama kawaida siku hiyo."

"Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba yake. Nimesikia kanda ya mazoezi. Nimesikia alivyokufanyia."

Hapo ndipo aliposimamisha zipu.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Niko kwenye kiwanda cha kufulia."

"Ala! Basi dobi ni wewe, si mimi. Roho yako ikiwa chafu kaifulie huko huko kwenu. Usiniletee dukani."

"Mama, mimi sina kosa. Nilikuwa mtoto."

"Kama huna kosa umefuata nini?"

Chiriku alirudi kwenye zipu zake. Alimwambia kwamba miaka arobaini na moja amekuwa akitoka kwenye sherehe za watu kila wimbo ule unapopigwa. Watu wanasifu kilio. Hawajui kwamba ni kilio cha kweli, cha msichana wa miaka kumi na tisa aliyetukanwa mbele ya wanaume saba. Lakini matusi hayakuwa ndiyo yaliyomfanya asiimbe tena.

"Matusi yanazoeleka," alisema. "Kilichoniua ni kwamba nilinyamaza. Nilichukua mkoba wangu nikatoka kimya, kama mbuzi. Kila nikifungua mdomo niimbe, namwona yule msichana na mkoba wake, nafunga mdomo. Sasa toka, unanizibia mwanga."

"Kanda ninayo hapa," alisema Bwana Mvuke. Hakujua kwa nini alilisema hilo. Redio kaseti pia alikuwa nayo, kwenye mfuko; alikuja nayo kama mtu anayebeba ushahidi.

Chiriku alisukuma zipu pembeni. "Weka."

Wakasikiliza. Viti, kikohozi, mara ya kwanza, ya pili. Uso wa mwanamke ulikuwa mgumu kama kaunta yake. Walipofika kwenye kilio Bwana Mvuke alinyoosha kidole kuzima, kama alivyozima Jumapili. Chiriku alimpiga kofi mkononi.

"Acha!"

Kanda ikaendelea. Msichana akapenga kamasi, akaanza mara ya saba, na ule ndio wimbo wenyewe unaojulikana, kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tarumbeta ikimfuata nyuma kwa upole kana kwamba mpigaji ni mtu mwingine kabisa. Wakamaliza. Mtu akapiga makofi. Sauti ya baba ikasema, "Umeona sasa? Ulikuwa unaringa tu."

Kiti kikaburutwa. Kisha sauti nyembamba, bado ina mafua ya kulia, lakini kila neno limenyooka:

"Mzee, hilo tarumbeta unalipuliza vizuri kwa sababu ndani yako hamna kitu kingine ila upepo. Mkeo anajua, mtoto wako atajua, na wimbo huu hutanisikia nikiuimba tena mpaka ufe."

Mtu mmoja, labda mpiga besi, aliangua kicheko akashindwa kujizuia. Mlango ukabamizwa. Baada ya muda sauti ya baba ikasema, chini, "Zima hicho kidude." Kanda ikaisha.

Chiriku alirudisha nyuma kidogo akasikiliza tena. Kisha tena. Mara ya tatu alivua miwani. Machozi hayakuwepo. Alikuwa anacheka, kicheko kikavu cha mtu ambaye hakukitumia siku nyingi, mabega yanaruka.

"Nilisema," alisema. "Nilimwambia! Arobaini na moja, jamani, najilaumu bure!" Halafu akageuka, na kicheko kikakatika. "Na wewe ulikuwa na hii, hukuisikiliza mpaka mwisho?"

"Nilishindwa, mama. Ulipoanza kulia..."

"Nilipoanza kulia ukatosheka. Ukapata binti wa kumhurumia, ukazima. Huna tofauti na wale wanaosifu kilio kwenye sherehe." Alitoa kanda, akaitia kwenye droo ya vifungo vikubwa vya makoti. "Hii inabaki hapa. Chukua redio yako."

Hakumshukuru. Alipotoka alimsikia anafunga komeo la mlango ingawa ilikuwa saa tisa tu mchana. Alisimama kidogo kwenye kibaraza, akifikiri labda atasikia kuimba. Alichosikia ni kanda inayorudishwa nyuma, hapo hapo penye jibu lake kwa mzee. Kumbe alikuwa na redio yake.

Mwezi uliofuata alimwomba mwenye kiwanda amrudishe mezani, apige pasi kama wengine. Mwenye kiwanda alidhani ni ugonjwa. Usimamizi akapewa Mama Pacha, na Mama Pacha hakumwonea huruma hata chembe. Siku ya kwanza alimrudishia mashuka sita, akiyatupa mezani bila kusema kitu. Siku ya pili alimpa meza ya mwisho, ile iliyo karibu na bomba linalovuja mvuke. Wenzake walicheka wazi. Alipiga pasi. Kuna wakati neno lilimfika ulimini, lenye meno yote, akalimeza kama kidonge kikubwa bila maji.

Hakumsamehe baba yake, na hakujifanya amemsamehe. Lakini kila Jumapili aliweka moja ya zile kanda mbili zilizobaki, madirisha wazi, jirani apende asipende, akasikiliza ile tarumbeta ikifungua mlango na kusimama.

Jumapili moja alimwambia mkewe, "Mke wangu, miezi minne sasa sijakusema."

Mkewe alikuwa anakunja taulo. Alikunja ile, akakunja na nyingine.

"Mimi nilinyamaza miaka ishirini na sita," alisema. "Endelea." Akaongeza sauti ya redio kidogo, akachukua taulo zake akaenda kuzipanga chumbani, na mlango akauacha wazi.