Sala ya Bunju

Juzi nikiombea chakula, nilimwona binti yangu akichungulia kwa jicho moja. Nikamkumbuka bunju wetu kule Alief, mtaa wa ughaibuni nilikokulia, samaki mdogo kama harage, aliyeishi ndani ya tangi jikoni.

Alikuwa hajala siku mbili. Chakula cha dukani kilielea tu juu ya maji kikinuka dagaa, na tumbo lake lilikuwa limebonyea. Mimi nilijua kosa liko wapi. Nyumbani kwetu hakuna aliyekula kabla ya kuomba.

Mama alikuwa ametoka kazini hospitalini, bado na sare yake ya unesi, akiosha sukuma wiki ya bustani yetu huku akiwagombeza konokono waliojificha kwenye majani.

"Mami, bunju hajaombewa!"

"Basi mwombee. Na ufumbe macho vizuri."

Nilimwombea bunju, wagonjwa wa Mama, na shosho, bibi yangu kule Kenya. Katikati nikasikia chubwi. Nilipofumbua macho, bunju alikuwa anamng'ata konokono kwa pupa.

"Amina," Mama akasema, akipangusa vidole.

Kwa miaka mingi nilimshukuru Mungu peke yake. Ningelichungulia kwa jicho moja tu, ningelimshukuru na Mama.