Mfuko wa Koti Uliokaa Kulia

Saa tatu asubuhi, Mama Mikanda ananusa kopo. Anafungua kifuniko nusu, anaingiza pua, anakunja uso, kisha analisogeza kando. Filamu ya zamani ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na harufu ikishakolea, picha zilizomo zimebakiza siku za kuhesabu. Kopo la pili halinuki. Analiweka mezani karibu na mashine, anavaa glovu nyeupe za pamba, halafu anakaa bila kugusa kitu.

Siku nyingine, saa hizi angekuwa ameshazama kazini. Leo mikono iko mapajani na macho yako kwenye simu. Simu hailii. Yeye ndiye anayetakiwa kupiga, na amekuwa akiahirisha tangu Jumanne. Leo ni Alhamisi.

"Nimekaa kama mwanafunzi anayesubiri matokeo," anasema. "Na matokeo yenyewe nayajua, nimefeli. Kilichobaki ni kumwambia mzazi."

Mama Mikanda, mwenye umri wa miaka 49, ni fundi wa kunakili mikanda ya zamani. Chumba chake kiko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la fundi cherehani: madirisha mawili, kompyuta mbili, mashine tano za video za aina ambayo haitengenezwi tena, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Watu humletea harusi na mahafali yaliyorekodiwa miaka thelathini iliyopita, naye huyahamishia kwenye kompyuta. Kwa wiki hupata kazi nne, ikiwa nzuri sita, na hizo ndizo zinazolisha nyumba.

Kinachomkosesha raha ni kazi yake ya pili. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akitafuta filamu na kanda za wanamuziki wa zamani wa jazi na bluzi wakiwa jukwaani, kuzisafisha, na kuziweka mtandaoni kila mtu azione bure. Chaneli yake ina video 1,163 na wafuasi elfu thelathini na nane. Matangazo humlipia intaneti na, mwezi ukiwa na baraka, umeme.

Mapenzi hayo aliyaokota jalalani, bila kutia chumvi. Akiwa mhudumu wa ofisi katika kituo cha televisheni, aliagizwa kutoa maboksi ya kanda chakavu yakachomwe moto. Akamwomba fundi wa pale amwekee moja, aone kinachoenda kuungua. Kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye gauni jeusi, amefumba macho, anaimba bluzi polepole kama anayemlaumu mtu anayempenda.

"Niliacha ufagio nikakaa sakafuni," anakumbuka. "Nikamuuliza fundi, huyu naye anachomwa?"

Maboksi hayo hayakuuona moto. Aliyabeba kwenda nyumbani mawili mawili, kwa ruhusa, anasisitiza, huku akinyoosha kidole ili mwandishi asije akaandika vingine.

Tangu hapo amejiwekea sharti moja: haweki video mpaka ajue nani anaimba na nani anapiga nini. Kwa maoni yake, mtu aliyepuliza tarumbeta hadi mishipa ya shingo ikamtoka hastahili kuandikiwa "bendi ya zamani" na kuachwa hivyo. Ni kumkosea adabu. Sharti hilo hilo ndilo limemfikisha hapa alipo.

Miezi minne iliyopita, mjane wa mpiga ngoma mmoja alimletea sanduku lenye makopo kumi na manne ya filamu. Ndani mlikuwa na karatasi yenye majina ya wanabendi kwa mwandiko wa marehemu. Kwenye gitaa waliorodheshwa wawili, na mbele ya jina la mmoja marehemu aliongeza maneno machache: wa mashoto, alifariki mwaka uliofuata.

Filamu ya kwanza aliyoifungua ilikuwa ya dakika nne. Ukumbi wa hoteli, wanaume saba waliovalia makoti, na mbele yao mpiga gitaa anayepiga bluzi kwa mkono wa kushoto huku gitaa limegeukia upande usiozoeleka. Filamu haikuwa na sauti. Sauti ilirekodiwa kwenye utepe wa peke yake. Mama Mikanda alitumia siku tisa kuvioanisha, hadi kidole na uzi vikakubaliana. Kisha akaandika jina la yule wa mashoto, akairusha hewani.

"Sikusita hata kidogo," anasema. "Karatasi inasema mashoto, macho yanaona mashoto. Wewe ungefanyaje?"

Ndani ya wiki tano video hiyo ilitazamwa mara 212,000. Mwanamke mmoja aliandika kwamba amepiga pasi mashati yote ya mumewe akiirudia. Mwingine akauliza kama mpiga gitaa ana mjukuu ambaye hajaoa.

Halafu ikaja simu kutoka mji ulio mwendo wa saa sita kwa basi. Aliyepiga alikuwa muuguzi mstaafu wa miaka 71, ambaye Mama Mikanda humwita Bibi. Jina lile lilikuwa la baba yake. Alifariki binti akiwa na miezi minane, na picha pekee aliyoiacha iliharibiwa na mafuriko kabla binti hajajua kusoma. Bibi mwenyewe ni wa mashoto, peke yake katika ukoo wa mama uliomlea. Shuleni alichapwa kwa kushika kalamu kwa mkono huo mpaka akajifunza kuuficha.

Mama Mikanda anayakumbuka maneno yake neno kwa neno. "Aliniambia, 'Mwanangu, nimemwona. Miaka yote hii nilidhani mkono huu niliupata kwa bahati mbaya.' Tukalia kwenye simu, mimi na yeye, kama mazuzu."

Bibi hakuishia kulia. Alichapisha uso wa mpiga gitaa kutoka kwenye video, akautia kwenye fremu, akautundika sebuleni. Kisha akaita ukoo. Jumamosi hii watoto, wajukuu na ndugu ambao hawajaonana miaka mingi, watu kama arobaini, watakusanyika nyumbani kwake kumtazama baba kwenye skrini kubwa.

Mambo yaliharibika Jumanne, na aliyeyaharibu alikuja kuazima bisibisi. Fundi cherehani wa chini alipanda ngazi na kukuta video inacheza. Yeye na muziki ni mbalimbali. Alichokiona ni makoti.

"Dada, hawa nani aliwashonea?" aliuliza. "Mfuko wa juu wa koti hukaa kushoto. Mmoja angekosewa ningesema fundi alikuwa na mawazo. Sasa wote hawa?"

Mama Mikanda alicheka. Kisha akasogea karibu na skrini. Aliutazama mkono wa mpiga piano: sauti nzito za piano hukaa kushoto kwa mpigaji, na huyu alikuwa akizipiga kwa mkono wa kulia. Akaenda kwenye kopo, akaitoa filamu, akaimulika dirishani.

Kosa lenyewe ni la watu wa kazi hii tu. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia, wenye picha. Iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera huingizwa mashineni upande mmoja, na nakala yake huingizwa kinyume. Kwa kuwa aina hii ina matundu kingo zote mbili, mashine huimeza vyovyote utakavyoiweka, wala hailalamiki. Ya Mama Mikanda ilikuwa nakala. Alama zilikuwapo ukingoni, ndogo lakini zinasomeka, ila siku ile hamu ya kuona ilimzidi akaacha kuzitazama. Watu laki mbili wakautazama ukumbi mzima kama ulivyo kwenye kioo.

Alipoigeuza, mifuko ilirudi kushoto. Na yule mpiga gitaa wa mbele akawa anapiga kwa mkono wa kulia, kama watu wengi. Hakuwa baba wa Bibi. Alikuwa mwenzake, yule wa pili kwenye karatasi.

Usiku huo hakula. Mumewe, mwalimu wa hesabu na mtu asiyependa makuu, alimshauri asubiri Jumamosi ipite, amwache mama wa watu afurahi na ukoo wake. Mama Mikanda anakiri kwamba ushauri huo ulimwingia. Anakiri pia, akiitazama sakafu, kwamba alifikiria kuifuta video kabisa na kusingizia mtandao.

"Lakini wajukuu wataoneshwa mtu baki waambiwe huyu ndiye damu yenu," anasema. "Watakua na uso usio wao. Na huyo mtu baki naye labda ana watu wanaomtafuta, mimi nimemgawa."

Kuna jambo jingine, na hili analitoa kwa kusitasita. Anawasha kompyuta, anaicheza filamu ikiwa imekaa sawa, na kugusa skrini nyuma ya piano. Kuna mwanamume ameketi na gitaa la pili. Katika video ya kwanza alionekana akipiga kawaida, hakuna aliyemjali. Sasa mkono unaopapasa nyuzi zake ni wa kushoto.

Uso wake haupo. Kifuniko cha piano kilichoinuliwa kinamfunika kuanzia kifuani kwenda juu, mwanzo hadi mwisho. Dakika nne za filamu ni picha 5,760, na tangu Jumanne Mama Mikanda amezipitia moja moja. Amepata kiwiko, goti na mikono miwili.

"Hiki kinaniogopesha kuliko kosa lenyewe," anasema. "Nikimwambia, atamng'ang'ania. Na mara ya kwanza pia nilikuwa na uhakika." Ameamua kwamba leo atakiri kosa basi, na huyu wa nyuma atamtunza mpaka apate ushahidi.

Saa tano na dakika ishirini anapiga moyo konde, anabonyeza namba na kuweka sauti ya nje. Anamwamkia Bibi, anamweleza kuwa yupo na mwandishi wa habari anayesikiliza, na Bibi anasema hana neno. Bibi ana furaha. Anaeleza habari za viti alivyoazima kwa majirani na mpwa aliyepatikana baada ya miaka ishirini. Mama Mikanda anamwacha aseme. Kisha anamkatiza na kuyatoa yote: kopo, nakala, upande uliofifia, fundi cherehani na makoti yake. Harudi nyuma.

Feni inazunguka. Mama Mikanda amejishika shavu.

"Kwa hiyo aliyeko sebuleni kwangu ni nani?" Bibi anauliza.

Mama Mikanda anamtajia jina lililoko kwenye karatasi.

"Nimekuwa nikimsalimia kila asubuhi," Bibi anasema.

Mama Mikanda anaomba radhi mara tatu, na mara ya tatu machozi yanamzidi. Bibi anamwacha alie kidogo, kisha anauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma vyeti vya wagonjwa, kama karatasi ya mpiga ngoma nayo ilikuwa ya uongo. Hapana, anajibiwa. Wa mashoto alikuwamo kwenye bendi.

"Basi siku ile alikuwa wapi?"

Hapo mpango wa Mama Mikanda unaanguka. Anatazama dari. Kudanganya hawezi.

"Kuna mtu nyuma ya piano," anasema. "Anapiga kwa mashoto. Lakini uso wake hauonekani hata mara moja, Bibi, na huenda siku ile walimwazima mtu kutoka bendi nyingine. Sina hakika. Sitaki kukukosea mara ya pili."

"Kinachoonekana ni nini?"

"Mikono."

Sauti ya Bibi imeshuka. "Mama yangu alikaa naye miaka miwili tu. Sura yake alikuwa ameshaanza kuisahau. Alichokuwa akinisimulia ni mikono."

Mkutano wa ukoo haukuvunjwa. Kesho Mama Mikanda atapanda basi na filamu iliyorekebishwa, na kwa agizo la Bibi atasimama mbele ya watu arobaini na kueleza kwa kinywa chake alichokosea na asichokijua. Anaogopa, hafichi. Kabla ya hapo ataiondoa video ya zamani, aweke mpya, na chini yake aandike kosa lake waziwazi, matusi yaje yakitaka kuja. Mbele ya jina la mpiga gitaa wa nyuma, kwa mara ya kwanza katika video 1,163, ataandika neno "huenda". Makopo matano hayajafunguliwa bado, matatu yana harufu ya siki, na tumaini lake ni kwamba ndani ya mojawapo mtu yule ameinua kichwa.

Fremu ya sebuleni Bibi amekataa kuiondoa. Amemwagiza Mama Mikanda amtafute mtoto wa yule mwenye uso, aje kuichukua.

Kabla ya kukata simu, Bibi ana ombi moja. Jumamosi, anasema, filamu isimamishwe mahali mikono inapoonekana vizuri, ili apate nafasi ya kwenda mbele na kuweka mkono wake karibu nayo.

Mama Mikanda anavua glovu, anairudisha filamu nyuma, anaitazama tena, kisha anachukua kalamu na kuandika kwenye kiganja chake: dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne.